Pigo Lisilofundishwa

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mchawi. Mimi ni msusi. Nina saluni hapa Shinyalu, mkabala na duka la mbegu, na dawa zote ninazotumia zimeandikwa majina kwenye chupa. Lakini mwanzoni mwa Desemba, Patroba, mtu mzima mwenye wajukuu na shamba la majani chai, alisimama mbele ya umati akasema kwamba mimi, Awinja binti Shikanga, nimemloga fahali wake kwa simu. Na baadhi ya watu, ambao nimewasuka kwa mikono yangu hii, wakamwamini.

Ili hasira yangu ieleweke, lazima kwanza niueleze mchezo wenyewe. Jina lake la Kizungu ni refu, sisi tunauita Madubwana. Ni mchezo wa simu wa kukusanya viumbe. Unazunguka porini, unamkamata dubwana, unamlea, halafu unampiganisha na madubwana wa watu wengine. Umeshatoka mara tano, kila toleo na viumbe wake, na mimi nimeucheza tangu nikijifunza ususi mjini Kakamega. Mapigo mengi ni ya kufundishwa. Ukitaka dubwana wako ateme moto, unamfundisha, na kesho jirani yako naye anamfundisha wake, mnabaki sare. Lakini kuna viumbe wachache wenye pigo la pekee. Hilo halifundishwi. Kiumbe huzaliwa nalo, na umfanyie mwingine vyovyote vile, hatalipata.

Yupo Kungumba, konokono mkubwa. Pigo lake tunaliita Funga Duka, kwa sababu anajifungia ndani zamu nzima, unampiga hadi unachoka, kisha anafungua na kukurudishia vyote ulivyompa. Yupo Chubwi, chura mnene anayeleta Mvua ya Saa Nane, ambayo humnyeshea adui na rafiki bila kubagua, sawa na mvua yetu ya hapa. Majina hayo tumeyabandika wenyewe, msiyatafute kwingine. Na yupo wangu, Gongoti, mdudu wa pembe moja, mfupi, hana mbio wala sura. Pigo lake ni Geuka Shingo. Anasubiri asukumwe. Anasukumwa hadi unadhani kazi imekwisha, kisha anageuza shingo kushoto mara moja tu, na adui anaanguka kwa nguvu zake mwenyewe. Kadiri adui alivyo na nguvu ndivyo anavyoanguka vibaya. Pigo likifaulu simu inalia ti-ti-tong, nami nafurahi kupita kiasi. Rafiki yangu Beverlyne, ambaye haachi kuja saluni hata siku asiyosukwa, husema nikishinda nageuka kero. Lakini Beverlyne hulia akipitishiwa kitana tu, kwa hiyo simtilii maanani.

Mama yangu, Rachael, hakuupenda mchezo huo hata kidogo. "Mwanamke mzima na mwanya mzuri hivyo," alikuwa akisema, "unashindanga kucheza na vijidudu." Mwanya nimeurithi kwa baba, na mama huutaja kila anapotaka kunikumbusha kwamba sijaolewa. Kwa amani ya nyumba niliuacha mchezo saluni, nikirudi nyumbani simu inakaa mfukoni.

Baba alifariki mwaka jana, mwezi wa nne. Alituachia shamba, deki ya redio isiyoshika stesheni yoyote isipokuwa moja, na Jenereta. Jenereta ni fahali. Baba alimpa jina hilo kwa sababu huchelewa kuwaka: ukimpeleka uwanjani kwanza ananguruma, anasimama, anafikiri, halafu ndipo anaanza kazi. Upande wetu huu fahali hafugwi kwa maziwa wala kwa jembe. Anafugwa apigane, siku ya Jumamosi au sikukuu, ngoma za isukuti zikilia, na atakayegeuka na kukimbia kwanza ndiye aliyeshindwa. Baba alimlea tangu ndama. Jioni alikuwa akienda zizini, anampigia mluzi, fahali anakuja, anapewa chumvi kiganjani. Mimi nilikuwa nikimwona mzee wangu anavyosimama akilambwa mkono, ametulia kabisa, nikajua hapo ndipo alipokuwa akipumzikia.

Baada ya mazishi wazee walimkabidhi ndugu yangu Titus kamba ya fahali, kama ilivyo desturi. Titus ni mtu mwema ila hana subira, na fahali yule alimjua upesi. Akiitwa haji. Akivutwa anakaa. Titus alijaribu hata mluzi wa baba, kilichotoka ni upepo na mate. Uwanjani Jenereta alikimbia mara ya kwanza, akakimbia mara ya pili, na wapinzani wakaanza kumwita Mshumaa. Mwezi wa kumi na moja Titus akasema basi. Kuna mfanyabiashara wa Likuyani anayenunua ng'ombe wa kuchinja kwa ajili ya Krismasi. Jenereta angepigana mara moja tu tena, na akikimbia, angekwenda.

Niliposikia hivyo nilishindwa kula. Sikuwa na haki ya kusema neno, kamba si yangu. Lakini yule mnyama ndiye kitu cha mwisho kilicholishwa na mkono wa baba yangu, na nilikuwa nampenda. Sina njia nyingine ya kulisema hilo.

Siku yenyewe alipangiwa Mafuriko, fahali wa Patroba, ambaye msimu mzima alikuwa hajashindwa. Nilisimama kando ya kamba ya uwanja, upande wa kushoto, na bahati mbaya Patroba akaja kusimama karibu nami. Fahali walipofungana pembe, Mafuriko alianza kusukuma. Jenereta akarudi nyuma hatua kwa hatua, miguu ikichimba matope. Watu wa Patroba wakaimba. Nikamwona Titus, upande ule wa pili, ameshika kiuno. Sikuweza kutazama. Nikatoa simu, nikafungua Madubwana, nikainamisha kichwa nikacheza kama mtu anayesali.

Nilikuwa napambana na mtu mwenye Kungumba. Alinifungia duka, nikamgonga gonga, alipofungua akanisukuma kwa nguvu zote, na Gongoti akageuza shingo. Ti-ti-tong. Sauti ya simu ilikuwa juu kabisa, kwa sababu ya kelele za saluni huwa siishushi. Nilipoinua macho, Jenereta naye alikuwa amegeuza shingo kushoto, ghafla, kunielekea mimi. Mafuriko, aliyekuwa amejitupa mzima mzima, hakukuta kitu mbele yake. Alipiga magoti, akabingirika, akainuka amechanganyikiwa, akakimbia. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Siku ile zilizoumia ni nyanya za mama Cindy, ambaye alikuwa amepanga mafungu yake njiani.

Tulishangilia hadi sauti zikakauka. Titus alinikumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tulipokuwa wadogo. Ndipo Patroba akapanda kwenye kichuguu akanyoosha kidole. "Nilikuwa hapa karibu na yeye," akasema. "Ndume wangu alikuwa ameshinda. Huyu msichana akafinya simu, simu ikalia, na ile ng'ombe ya kwao ikageuka saa hiyo hiyo. Hiyo ni dawa."

Asiyekubali kushindwa si mshindani, nilimwambia hivyo pale pale, na maneno mengine ambayo mama alinikataza kuyarudia. Lakini jambo lilikuwa zito. Kamati ya fahali ina sheria moja isiyochezewa: ndume akipatikana na dawa, awe amepakwa, amenusishwa au amesomewa, haingii uwanjani tena maisha yake yote. Na fahali asiyeruhusiwa kupigana, kwetu, ni nyama inayotembea. Kesi ilipangwa Jumamosi iliyofuata, nyumbani kwetu, kwa kuwa shahidi mkuu alikuwa na pembe na hakuna aliyetaka kumleta ofisini. Titus alimpigia simu yule mtu wa Likuyani akamwambia asubiri uamuzi. Yule mtu akajibu kwamba lori lake litapita huku Jumatatu kwa vyovyote vile.

Jumamosi wakaja. Mwenyekiti, mzee Shitanda, mwenye kinu cha kusaga mahindi, alikuja na vumbi la unga kwenye nyusi. Wazee wengine wawili wa kamati walikuja nyuma yake, kisha Patroba katika koti lake la kanisani. Beverlyne alikuja bila kualikwa, akasema ni shahidi wa tabia yangu. Mama alikuwa amechinja kuku na kusonga obusuma, ugali wetu, tangu asubuhi, maana hata anayekuja kukushtaki hawezi kuondoka kwako na njaa. Tukapanga viti karibu na zizi. Jenereta alikuwa anacheua, hana habari.

"Mtoto wa Shikanga," mzee Shitanda akaanza, "tuonyeshe hicho kitu."

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimejiandaa kueleza polepole, kama unavyomweleza mtu ambaye hajui, lakini sikufika mbali. Nilipotaja pigo la pekee, mzee mmoja akanikatiza. "Hiyo tunajua," akasema. "Si ni kama ile ndume ya marehemu babu yangu. Ilikuwa inalalanga chini katikati ya vita. Unadhani imechoka, ukikaribia inakuinua na pembe. Walijaribu kufundisha ndama zake, hakuna hata moja ilijua."

"Huyu konokono ndiye ile ndume ya Khayega," akasema mwingine, ameshika simu yangu mbali na macho. "Ile ilikuwa inafunga macho inapigwa tu."

"Ile ya Khayega haikuwa inarudisha," akasema Shitanda. "Konokono anarudisha. Ile ilikuwa mvivu."

Wakabishana. Nikawaonyesha Chubwi na mvua yake, wakamcheka. Mzee Shitanda akasema mnyama anayeumiza mpaka rafiki hafai kupelekwa uwanjani, afungiwe nyumbani. Nikawaonyesha dubwana mmoja wa toleo la tatu ambaye pigo lake ni kujifanya amekufa, wakatikisa vichwa kwa heshima, kisha wakakubaliana kwamba huyo ndiye ndume wa kweli. Hata Patroba alisogeza kiti. Nilikuwa nimekuja na ghadhabu yangu imejaa kifua, na ghafla nikajikuta nafurahia. Kwa miaka yote niliyocheza mchezo ule sikuwahi kupata watu wa kuuzungumza hivyo. Vijana wa mjini huzungumza alama na viwango. Wazee hawa walikuwa wanazungumza tabia.

"Haya, turudi kwa kesi," akasema Patroba, ambaye alikumbuka alichokuja kufanya. "Simu ipigwe tuone."

Mzee Shitanda akaichukua simu, akaenda mpaka kwenye ua wa zizi, nikamwelekeza pa kubonyeza. Mchezo una mahali pa kusikiliza milio bila kupigana. Ti-ti-tong. Jenereta akacheua. Akabonyeza tena, akaisogeza hadi karibu na sikio la fahali. Jenereta alipunga sikio kama anayefukuza nzi.

"Ni lazima ashike mwenyewe," akasema Patroba. "Dawa iko kwa mkono wake."

Nikashika mwenyewe. Akilini nilikuwa naliona lile lori la Jumatatu. Nikabonyeza. Ti-ti-tong. Jenereta hakunitazama. Wazee wakaanza kutikisa vichwa, na Beverlyne akapiga makofi, lakini Patroba si mjinga, na mgala muue na haki yake umpe. "Siku ile hakubonyeza tu," akasema. "Siku ile alikuwa anapigana. Apigane."

Shitanda akanigeukia. "Cheza kama ulivyocheza siku ile, mama."

Basi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikatafuta mpinzani. Nikampata mtu fulani, sijui yuko nchi gani, mwenye dubwana wa mawe ambaye sikuwa nimewahi kumshinda. Wazee wakasimama nyuma yangu. Mwanzoni niliwasikia pumzi, na harufu ya unga. Yule wa mawe alinipiga, akanipiga tena. "Anakumaliza," mzee mmoja akanong'ona. "Muache amsukume," akasema Shitanda, "si amesema huyu wake anangojanga." Nikangoja. Gongoti akabaki na uhai mwembamba kama uzi. Nikasahau kesi, nikasahau lori, nikasahau kwamba nimekaa kwenye ndoo. Yule wa mawe akaja na uzito wake wote, na Gongoti akageuza shingo. Ti-ti-tong. Mawe yakaanguka pande zote za kioo. Nikashinda.

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi. Nikainua kichwa. Jenereta alikuwa ameacha kucheua. Alikuwa amegeuza shingo kushoto, pembe zimeinama, macho yamenikazia mimi.

"Mmeona," akasema Patroba kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko kelele zake zote. Mzee Shitanda alivua kofia. Titus akatazama chini. Nilijua kinachofuata. Hakuna mzee wa kamati ambaye angeona jambo lile kwa macho yake kisha aseme hakuliona, na mimi mwenyewe sikuwa na maelezo. Kwa mara ya kwanza nikaanza kujiuliza kama kweli simu yangu ilikuwa na kitu.

Wakati huo mama alikuwa anatoka jikoni na birika la chai. Alisimama kwenye kizingiti. Hakuwa anamtazama fahali wala simu.

"Awinja," akasema. "Rudia."

"Nirudie nini, mama?"

"Ulichofanya sasa hivi na mdomo."

Nikamwambia sikufanya kitu na mdomo. Beverlyne akaangua kicheko. "Wewe hujui?" akasema. "Unapiganga mluzi. Kila ukishinda. Ule wa kupasua masikio, unatokea hapo kwa mwanya. Si ndio nakuambianga wewe ni kero? Wateja wako wote wanajua."

Sikuwa najua. Naapa mbele ya yeyote anayesoma, sikuwa najua. Nilimtazama mama nikaona ameweka birika chini, kwenye udongo, mahali ambapo birika haliwekwi. "Huo ni mluzi wa baba yako," akasema. "Tangu tumzike sijausikia. Nilikuwa jikoni, nikadhani amerudi kutoka malishoni."

Kisha mzee Shitanda akavaa kofia yake, akanyoosha mkono, akachukua simu yangu, akaizima kabisa mpaka kioo kikawa cheusi, akamkabidhi Patroba. "Shika wewe," akamwambia. "Ili usiseme iko kwa mkono wake." Akanigeukia. "Sasa piga."

Ningependa kusema nilipiga mara moja. Ukweli ni kwamba mdomo ulikuwa mkavu, na mtu akiambiwa afanye kwa kukusudia jambo ambalo hulifanya bila kujua, halifanyiki. Nilipuliza upepo. Nikapuliza tena. Titus akasema, "Hapo ndipo mimi hufikanga," na kila mtu akacheka, hata Patroba, na mimi nikacheka. Nikafikiria Gongoti. Halafu nikafikiria baba amesimama pale pale kwenye ua, mkono umelowa mate ya ng'ombe, na mluzi ukatoka wenyewe.

Jenereta aligeuza shingo kushoto. Kisha akaja. Alivuka zizi lote bila haraka, akaingiza pua katikati ya nguzo mbili, akatoa ulimi, akasubiri. Mkono wangu ulikuwa mtupu. Mama akaingia ndani akatoka na chumvi, si ya ng'ombe, ni ile yetu ya mezani, akanimiminia kiganjani kama anayemimina unga wa uji. Ulimi wa fahali unakwaruza, watu wasikudanganye. Nililambwa mkono mbele ya kamati nzima na machozi yananitoka, na sikuyafuta kwa sababu mkono mwingine ulikuwa umeshika pembe.

Mzee Shitanda hakuhitaji kushauriana sana. Alisema mluzi si dawa. Tangu mababu, mwenye fahali humwita fahali wake, kwa sauti, kwa wimbo, kwa jina, na uwanjani kila mtu anapiga mluzi, ndiyo maana siku ile hakuna aliyeujali huu, na hapa zizini wote walikuwa wameikazia simu macho na masikio. Ushindi wa Jenereta ni ushindi. Simu irudishwe kwa mwenyewe.

Patroba akanirudishia. Lakini alikuwa na neno la mwisho, na kama nilivyosema, si mjinga. "Mwenyekiti amesema mwenye fahali humwita," akasema. "Sawa. Nakubali. Lakini kamba iko kwa Titus, na Titus hawezi kuita. Siku ya sikukuu tutacheza tena, Mafuriko anataka kurudisha. Ni nani atakuwa mwenye fahali?"

Wazee wakatazamana. Mwanamke kushika kamba si jambo linalokatazwa mahali popote. Ni jambo ambalo tu hakuna aliyewahi kuliuliza. Nikaona mzee mmoja anafungua mdomo ili atuambie turudi kulijadili mwakani. Titus hakumngoja. Aliivua kamba begani, ile ile aliyokabidhiwa siku ya mazishi, imechakaa pale ambapo baba alikuwa akiishika, akaja akaniwekea mkononi juu ya chumvi iliyobaki.

"Mimi nimejaribu," akaniambia. "Meno yangu ni ya mama."

Kisha akatoa simu yake, akaenda kando, nikamsikia akimwambia mtu wa Likuyani kwamba lori lipite njia nyingine. Mzee Shitanda akasema kama kuna mtu ana pingamizi aseme kabla chakula hakijapoa. Patroba alikula mapaja yote mawili ya kuku, na alipomaliza aliniuliza, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie, ule mchezo mtu anaupataje kwenye simu. Nikamwekea. Alichagua Kungumba. Nilijua angemchagua Kungumba.

Siku ya sikukuu ninaisubiri bila hofu kubwa. Jenereta anaweza kushinda, anaweza kushindwa, Mafuriko ni ndume wa maana na Patroba ameanza kumlisha molasi. Akishindwa tutarudi naye nyumbani. Hilo halijadiliwi tena, kamba ninayo mimi.

Kitu kilichobadilika zaidi ni jioni zetu. Nikifunga saluni napitia zizini na chumvi, kisha naingia jikoni kumsaidia mama. Siku chache baada ya kesi nilikuwa nachambua mboga, simu iko mfukoni kama kawaida, na mama alikuwa anakoroga chungu bila kunitazama.

"Leo hujacheza vijidudu vyako?" akaniuliza.

Nikamwambia nilidhani havitakiwi humu ndani.

"Cheza," akasema. "Cheza hapa karibu. Na ujitahidi ushinde."

Nikafuta mikono, nikakaa kwenye kigoda, nikamtoa Gongoti. Mama akaacha kukoroga, akageuza kichwa kidogo upande wangu, akangoja.